Je, Mkatoliki Anaweza Kukataa Kwenda Vitani kwa Sababu ya Dhamiri?

Mama mmoja ameniandikia hivi: "Tumsifu Yesu Kristo. Mtoto wa dada yangu, ambaye nimemlea kama wangu, anaishi katika nchi ambayo sheria inawalazimisha vijana kuingia jeshini, na sasa ameitwa wakati vita vinaendelea. Anasema dhamiri yake haimruhusu kupigana vita hivi, ingawa hasemi kwamba kila vita ni dhambi. Padre mmoja amemwambia kwamba Mkatoliki hana ruhusa ya kukataa, kwa sababu Kanisa linakubali vita vya haki na kazi ya kuamua ni ya serikali. Padre mwingine amemwambia kwamba siku hizi Kanisa limekataa vita vyote, kwa hiyo akatae tu wala asiogope. Nani amesema kweli? Na sisi tufanyeje, maana dada yangu halali usiku, na mimi sijui kama nimshauri akubali ili apone au nimwache ashike msimamo wake?"

Milele amina, Mama. Nitaanza na jibu lenyewe kisha nieleze msingi wake, kwa kuwa kijana atakayesimama mbele ya maofisa hatasaidiwa na kauli ya padre huyu au yule. Atasaidiwa na kujua yeye mwenyewe amesimama juu ya nini. Kila mmoja wa mapadre hao ameshika nusu ya mafundisho na kuiacha nusu ya pili. Kanisa Katoliki halifundishi kwamba kila anayebeba silaha anatenda dhambi, wala halifundishi kwamba serikali ikishaita dhamiri ya raia imefungwa. Linafundisha kwamba vita vinaweza kuhalalishwa kwa masharti magumu tu, kwamba hakuna amri ya binadamu inayomwondolea mtu wajibu wa kupima anachotumwa kutenda, na kwamba serikali inapaswa kuwawekea utaratibu wa haki wale wanaokataa silaha kwa dhamiri, nao wakubali kuitumikia jamii kwa njia nyingine. Kwa hiyo mwanao, ambaye hasemi kwamba kila vita ni dhambi bali anasema hivi siwezi, hajatoka nje ya Kanisa. Yumo ndani yake kabisa, na kwa kweli anachosema kinatokana na fundisho lile lile la vita vya haki ambalo padre wa kwanza alilitumia kumzuia. Shida yake kubwa haitatoka kwenye Katekisimu. Itatoka kwenye sheria za nchi, ambazo nyingi zinamtambua anayekataa vita vyote na hazimtambui kabisa anayekataa vita vimoja.

Padre wa kwanza hakubuni alichosema. Katika ujumbe wake wa Noeli wa mwaka 1956, Papa Pius XII alieleza kwamba pale ambapo serikali halali, katika hatari kubwa na kwa njia zilizo halali, imeamua kuchukua hatua za kujilinda, raia Mkatoliki hawezi kuitaja dhamiri yake ili akwepe utumishi ambao sheria inamdai. Yalikuwa maneno mazito. Ila hayakuwa neno la mwisho. Tarehe 7 Desemba 1965, siku moja kabla ya kufungwa, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iitwayo Gaudium et Spes, na katika namba 79 maaskofu walisema kwamba yaonekana ni haki sheria ziwashughulikie kwa utu wale ambao kwa sababu ya dhamiri wanakataa kubeba silaha, mradi wakubali namna nyingine ya kuitumikia jamii ya binadamu. Utaona kwamba wamesema "yaonekana ni haki". Ni lugha ya tahadhari, lugha ya watu waliobishana kabla ya kukubaliana, kwa maana walikuwepo maaskofu walioogopa kwamba kauli hiyo ingevunja moyo majeshi ya nchi zao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2311, imeiondoa tahadhari hiyo na kusema wazi kwamba mamlaka za umma zinapaswa kuwawekea watu hao utaratibu ulio wa haki, na kwamba nao wanabaki na wajibu wa kuitumikia jamii kwa njia nyingine.

Maneno hayo ya Mtaguso hayakushuka yenyewe, na hapa ndipo walipoingia wanaharakati wa amani ambao Wakatoliki wengi hatuwafahamu. Mmoja wao ni Dorothy Day, ambaye pamoja na Peter Maurin alianzisha harakati ya Catholic Worker jijini New York tarehe 1 Mei 1933, kazi yake ya kila siku ikiwa kuwalisha na kuwalaza maskini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikataa kuunga mkono upande wowote, na gazeti lake, liitwalo pia Catholic Worker, likapoteza wasomaji wengi mno. Mwezi Oktoba 1965, alipokuwa karibu na umri wa miaka 68, alikuwa miongoni mwa wanawake wapatao ishirini waliofunga chakula kwa siku kumi jijini Roma, wakiomba kwamba Mtaguso useme neno la wazi kuhusu vita na amani. Pia yupo Gordon Zahn, mwanasosholojia wa Marekani aliyekuwa amekataa kupigana katika vita vile vile, ambaye utafiti wake kuhusu mkulima mmoja wa Austria ulimfikia Askofu Mkuu Thomas Roberts, Mjesuti aliyewahi kuongoza jimbo la Bombay, naye akaliwasilisha jambo la mkulima huyo mbele ya Mtaguso. Mkulima huyo nitamrudia mwishoni, kwa sababu swali lako la mwisho, lile la dada yako asiyelala, ndilo linalomhusu zaidi.

Kwanza nataka twende nyuma zaidi, kwa sababu watu husema kwamba kukataa vita ni fikra ya kizungu ya juzi. Tarehe 12 Machi mwaka 295, huko Tebessa, mji ambao leo uko Algeria, kijana wa Afrika ya Kaskazini aitwaye Maksimiliano, mwenye umri wa miaka 21, aliletwa mbele ya liwali Dion ili aandikishwe katika jeshi la Roma. Baba yake, Fabius Victor, aliletwa pamoja naye. Kumbukumbu ya shauri lile imetufikia, nayo inasomeka kama maelezo ya ofisi: kijana anapimwa urefu, anaamriwa kuvaa shingoni kipande cha madini ya risasi, alama ya askari wa Roma, anakataa. Anasema, "Siwezi kuwa askari, siwezi kutenda uovu, mimi ni Mkristo." Liwali anamwambia baba amshauri mwanawe, na baba anajibu kwamba kijana ana akili zake na anajua linalomfaa. Kisha liwali anatoa hoja ambayo mwanao ataisikia leo kwa maneno karibu yale yale: mbona wako Wakristo wanaotumika katika ulinzi wa wafalme wenyewe? Maksimiliano hawatukani Wakristo hao wala hawahukumu. Anajibu kwamba wao wanajua linalowafaa, bali yeye ni Mkristo na hawezi kutenda uovu. Aliuawa kwa upanga, mwanamke mmoja aitwaye Pompeiana akauchukua mwili wake hadi Karthago na kuuzika karibu na kaburi la Mtakatifu Sipriani, na Kanisa likamtangaza mtakatifu. Mwambie mwanao aizingatie namna ile ya kujibu, kwa sababu kijana anayeanza kujitetea kwa kuwaita askari wote wauaji hujiharibia mbele ya maofisa na hukosea pia mbele ya Kanisa: Gaudium et Spes, katika namba ile ile ya 79, inawaita askari wanaotimiza wajibu wao vizuri watumishi wa usalama na uhuru wa mataifa yao.

Sasa nije kwenye kiini. Fundisho la vita vya haki, lililokuzwa na Mtakatifu Agostino na kupangwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino, linadai mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Katekisimu, katika namba 2309, inaongeza kwamba madhara ya mchokozi yawe ya kudumu, mazito na ya hakika, kwamba njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, kwamba pawepo matumaini ya kweli ya kufanikiwa, na kwamba silaha zisilete maovu makubwa kuliko yale yanayozuiwa. Ni kweli, kama alivyosema padre wa kwanza, kwamba Katekisimu inaliweka jukumu la kupima masharti hayo mikononi mwa wenye dhamana ya manufaa ya wote. Lakini serikali kupewa jukumu la kuamua kuingia vitani hakumaanishi kwamba askari amepokonywa jukumu la kujibu kwa tendo lake. Fundisho ambalo lina masharti lazima liwe na uwezekano wa kusema kwamba safari hii masharti hayakutimia; la sivyo masharti hayo ni mapambo. Na hili si wazo la watu wa kushoto wa karne hii. Francisco de Vitoria, Mdominiko aliyefundisha Salamanca chini ya wafalme wa Hispania waliokuwa wakipigana kila upande, alifundisha mwaka 1539 kwamba raia aliyesadiki kuwa vita si vya haki haruhusiwi kupigana, hata mfalme wake akimwamuru. Aliongeza, na hili padre wa pili anapaswa kulisikia, kwamba mtu mwenye mashaka tu anaweza kumfuata mtawala wake. Hapo ndipo penye mpaka ambao mwanao anapaswa kuukagua kwa uaminifu mbele za Mungu: je, amesadiki, au ana wasiwasi, au anaogopa? Kuogopa si dhambi, Mama, lakini hofu peke yake si dhamiri, na maofisa wamezoea kuitafuta.

Padre wa pili naye ana pa kusimama. Papa Fransisko, katika waraka Fratelli tutti wa tarehe 3 Oktoba 2020, namba 258, aliandika kwamba kutokana na silaha za leo ni vigumu sana kutegemea vigezo vilivyotungwa karne zilizopita ili kuzungumzia uwezekano wa vita vya haki. Waraka huo umesogeza uzito wa mafundisho mbali na vita kuliko wakati wowote tangu mwaka 1965. Hata hivyo Katekisimu bado inatambua haki ya kujilinda, na kijana akienda mbele ya kamati akasema kwamba Kanisa langu limepiga marufuku vita vyote, ofisa mwenye nakala ya Katekisimu atamkwamisha kwa dakika moja.

Nilisema kwamba ukuta wake ni sheria, na kisa kinachouonyesha vizuri zaidi ni cha Louis Negre. Huyu alikuwa Mkatoliki wa Marekani aliyeingizwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na baada ya mafunzo akaomba aachiwe kwa sababu, kadiri ya mafundisho ya Kanisa lake kuhusu vita vya haki, aliona vita vile si vya haki. Hakuna aliyesema anadanganya. Tarehe 8 Machi 1971, Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ikiamua shauri lake pamoja na la mwenzake Gillette, ilisema kwa kura nane dhidi ya moja kwamba sheria inamlinda anayepinga kushiriki vita vya namna yoyote, si anayechagua vita. Tazama matokeo yake: mtu ambaye dini yake inamfundisha kukataa kila vita analindwa, na Mkatoliki ambaye dini yake inamfundisha kupima kabla ya kupigana halindwi. Maaskofu wa Marekani walikuwa wamekwisha kuliona hilo. Katika barua yao ya kichungaji ya Novemba 1968 waliomba sheria ibadilishwe ili mtu aweze kukataa vita ambavyo dhamiri yake inaviona si vya haki bila kulazimika kukana vita vyote, na Oktoba 1971, miezi saba baada ya hukumu ile, wakalirudia ombi hilo katika tamko maalumu. Sheria haikubadilika. Barani kwetu, maaskofu Wakatoliki wa Kusini mwa Afrika walitangaza mwaka 1977 kwamba wanatetea haki ya kukataa kwa namna zote mbili, yaani kwa anayepinga vita vyote na kwa anayesadiki kwamba vita fulani si vya haki. Walisema hivyo katikati ya ubaguzi wa rangi, wakati serikali ilikuwa imeshapitisha, mwaka 1974, sheria iliyofanya kumshawishi mtu akatae jeshi kuwa kosa la jinai. Kwa maoni yangu hilo ndilo tamko la kishujaa zaidi lililotolewa na maaskofu juu ya jambo hili, nami hushangaa jinsi linavyotajwa kwa nadra.

Sheria za kimataifa zimesogea kidogo upande wa mwanao. Mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla Namba 22, ilisema kwamba haki ya kukataa silaha, ingawa haikutajwa kwa jina, inaweza kutolewa katika kifungu cha 18 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, kinacholinda uhuru wa dhamiri na dini. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua vivyo hivyo tarehe 7 Julai 2011 katika shauri la Bayatyan dhidi ya Armenia. Korea Kusini, iliyokuwa imefunga maelfu ya vijana kwa kosa hili, iliambiwa na Mahakama yake ya Katiba mwaka 2018 kwamba ni lazima iweke utumishi mbadala. Utumishi huo ulipoanza mwaka 2020 ulikuwa wa miezi 36 katika taasisi za magereza, muda mrefu kuliko wa askari wa kawaida. Kwa hiyo msidhani kwamba mlango ukifunguliwa utakuwa mpana.

Turudi kwenye la kufanya. Jambo la kwanza ni kumpata wakili anayefanya kazi katika nchi hiyo hiyo na anayejua sheria ya jeshi, mapema, kabla kijana hajakosa siku ya kuripoti, kwa sababu ombi linalotolewa kabla ya kuapishwa huwa na uzito tofauti na linalotolewa baada ya sare kuvaliwa, na kukosa kuripoti bila kutoa taarifa kunamgeuza kutoka mwombaji hadi mkosaji. Kiswahili chetu hakina jina lililozoeleka la mtu anayekataa vita kwa dhamiri, na wengi humwita mtoro, jambo linaloniudhi kidogo. Mtoro hukimbia usiku asionekane. Huyu husimama mchana, akasema siwezi, akatoa sababu zake na kungoja watakalomfanyia. Tofauti hiyo ndiyo kesi yake nzima, basi asiiharibu kwa kujificha bila ushauri.

Jambo la pili ni maelezo yake ya maandishi, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo wengi huanguka. Karibu kila mahali penye utaratibu huu mwombaji huulizwa anaamini nini, imani hiyo aliipataje, imebadilishaje maisha yake, na ni kazi gani yuko tayari kuifanya badala ya silaha. Katika jeshi la Marekani, kwa mfano, askari anayeomba huhojiwa na padre au mchungaji wa jeshi, huonwa na mtaalamu wa afya ya akili, kisha husikilizwa na ofisa aliyeteuliwa kuchunguza. Wote hawa hawapimi kama teolojia yake ni sahihi. Wanapima kama ni mkweli. Karatasi iliyojaa nukuu za mapapa haiwagusi. Kinachowagusa ni historia ya mtu mmoja: lini alianza kuona hivi, ni tukio gani, nani alimfundisha, aliacha nini, aligombana na nani. Kwa sababu hiyo aandike mwenyewe, kwa lugha yake, hata ikiwa na makosa, nanyi msimwandikie. Mnachoweza kuandika ni barua za ushuhuda: paroko aliyembatiza au kumpa Kipaimara, katekista wake, mwalimu, mwajiri, hata askari mstaafu anayemjua na asiyekubaliana naye, ambaye barua yake mara nyingi huwa na nguvu kuliko zote. Kila mmoja aandike alichokiona kwa macho yake, aweke tarehe, atie sahihi.

Katika maelezo hayo litatokea jaribu moja. Atasikia kutoka kwa marafiki kwamba aseme tu anapinga vita vyote, maana ndilo dirisha lililo wazi. Asiseme hivyo kama si kweli. Mtu anayedai dhamiri hawezi kuanza kwa uongo, na zaidi ya hapo maofisa huwa na swali la mtego lililo rahisi, kwamba je, ungepigana dhidi ya Hitler? Aseme ukweli kwamba anavikataa vita hivi kwa mafundisho ya Kanisa lake, na kama, baada ya kusali na kutafakari silaha za leo zilivyo, ameona kwamba hana vita vyovyote ambavyo yeye binafsi angeweza kuvishiriki, aseme hilo pia, lakini liwe limetoka moyoni na si kwa wakili. Kama sheria haina nafasi ya mtu wa namna yake, bado anaweza kuomba kazi isiyo ya silaha, kama vile ya uuguzi, ingawa wengine huona kwamba hata hiyo inalitumikia jeshi. Katika hilo simlazimishi mtu.

Jambo la tatu ni fedha, ambazo vitabu vya kiroho havizitaji. Katika Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Marekani iliwaruhusu waliokataa silaha kufanya kazi za umma katika makambi, bila mshahara, gharama zikibebwa na makanisa yao. Kambi za Wakatoliki, zilizokuwa New Hampshire, ziliendeshwa na watu wa Catholic Worker ambao hawakuwa na kitu, kwa kuwa Kanisa kwa ujumla liliwapa kisogo. Vijana wakaishi kwa shida, na mwaka 1943 kambi ikafungwa. Zahn niliyemtaja alikuwa mmoja wao. Basi jumuiya yenu ndogo ndogo ikitaka kumsaidia kijana huyu, pamoja na rozari ifanye hesabu: ada ya wakili, kodi ya nyumba akisimamishwa kazi, nauli ya mtu wa kumtembelea akifungwa. Mahali pengine wapo pia watu wenye uzoefu, hasa matawi ya Pax Christi, harakati iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1945 na Marthe Dortel-Claudot pamoja na Askofu Pierre-Marie Théas wa Montauban, ambaye mwenyewe alikuwa amekamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Lakini muulizeni wakili kwanza ni nini mnachoruhusiwa kusema hadharani, kwa sababu nchi nyingine bado zina sheria kama ile ya Afrika Kusini, na jina la kijana lisisambazwe kwenye simu za watu kabla yeye hajakubali.

Neno moja kuhusu wale watakaomtaka afanye zaidi ya kukataa. Tarehe 17 Mei 1968, watu tisa, wakiwemo mapadre ndugu Daniel na Philip Berrigan, waliingia katika ofisi ya kuandikisha askari huko Catonsville, Maryland, wakachukua mafaili 378 na kuyachoma kwa napalm, yaani mafuta mazito ya mabomu ya moto, waliyoitengeneza wenyewe, kisha wakasali na kungoja polisi. Wakatoliki wamegawanyika juu ya tendo hilo hadi leo. Dorothy Day mwenyewe hakuwa na raha na uharibifu wa mali. Hilo ni jambo jingine. Mwanao ana lake, nalo linamtosha.

Sasa dada yako. Yule mkulima wa Austria aliitwa Franz Jägerstätter, wa kijiji cha St. Radegund, mume wa Franziska na baba wa watoto wadogo wa kike. Alipoitwa mapema mwaka 1943 alikataa kupigana katika jeshi la Hitler, akajitolea kuwa mhudumu wa wagonjwa, na ombi hilo halikukubaliwa. Karibu kila mtu alimshauri akubali: ndugu, majirani, mapadre, hata askofu wake wa Linz, wote kwa hoja moja, kwamba ana mke na watoto na kwamba mkulima wa kawaida si wa kuhukumu vita vya taifa. Hawakuwa watu wabaya. Wengi walitaka kumwokoa. Alihukumiwa na mahakama ya kijeshi Berlin mwezi Julai na kukatwa kichwa huko Brandenburg tarehe 9 Agosti 1943. Gerezani alifarijika alipoambiwa na padre wa magereza kwamba mwaka uliotangulia padre mmoja, Franz Reinisch, alikuwa amekufa mahali hapo hapo kwa kukataa kiapo cha Hitler. Yaani hadi siku hizo alidhani yuko peke yake.

Franziska naye hakuanza kwa kukubali. Alijaribu kumshawishi mumewe, kama dada yako anavyofanya sasa. Kisha, alivyosimulia baadaye, aliona kwamba kila mtu anabishana naye, na kwamba yeye asiposimama naye hatakuwa na mtu hata mmoja, akaacha kubishana. Julai ile alisafiri hadi Berlin pamoja na padre wa kijiji, akamwona mumewe kwa muda mfupi kwa mara ya mwisho. Padre alimsihi tena Franz abadili mawazo. Franziska hakumsihi. Alirudi nyumbani kulima shamba na kulea watoto, katika kijiji ambacho wengi walimlaumu yeye kwa kifo kile, na kwa miaka alinyimwa malipo ya wajane wa vita kwa sababu mumewe hakuhesabiwa kuwa amekufa kwa ajili ya nchi. Tarehe 26 Oktoba 2007, katika kanisa kuu la Linz, alikuwa ameketi mbele, mwenye umri wa miaka 94, wakati mumewe alipotangazwa mwenyeheri.

Mama, siwezi kukuambia umshauri akubali wala umshauri akatae, kwa sababu ushauri wa kukataa hauwezi kutolewa na mtu ambaye si yeye atakayelala gerezani. Mwulizeni mara moja, kwa utulivu, wewe na dada yako mkiwepo, kama amesadiki na kama anajua adhabu ya juu kabisa ambayo sheria ya nchi ile inaweka. Akijibu ndiyo kwa yote mawili, acheni kubishana naye, na mwambieni ni nani kati yenu atakayekuwa akimpigia simu na siku zipi.